Suuza Mara Tatu

Vijana wangu, wiki iliyopita mmoja wenu, binti anayeitwa Limi, alikuja kunisalimia hapa nyumbani Bariadi akiwa amebeba katoni ya maji ya chupa. Nilimpokea vizuri, nikampakulia wali na kunde, nikamlazimisha na maziwa mgando juu yake. Alipoondoka niliisukuma ile katoni chini ya meza, na ipo palepale mpaka leo. Msiniseme. Mtu aliyepima maji ya watu miaka thelathini na zaidi ana haki ya kuchagua anachokunywa.

Kabla hajaaga aliniuliza, "Bibi, hivi zamani mlipimaje bila mashine?" Nikamwambia tulikuwa na macho, ulimi na uvumilivu. Akacheka, akanionyesha kifaa chake, kidogo kama rimoti ya televisheni. Unatumbukiza, namba inatokea, unaandika, unapanda pikipiki, kazi imeisha. Kizuri kweli, sikatai. Lakini nilipomuuliza, "Na ndoo uliyochotea uliisuuza mara ngapi?" akaangalia pembeni, akaanza kutafuta viatu vyake.

Hapo ndipo niliposema basi, ngoja niwaandikie wote mnaoanza kazi hii. Nina habari ya ndoo moja ambayo sijawahi kuieleza kwa mpangilio. Na sitaieleza kwa mpangilio leo pia, kwa sababu ndani yake wamo watu wawili ambao nawakumbuka kila siku, mwalimu wangu wa kazi na mama mkwe wangu. Nikipotea njia kidogo, mnivumilie.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ngasa, mkuu wa maabara yetu. Msisikie maabara mkadhani jumba. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya saruji, kabati la dawa lisilofunga vizuri, na mtambo wa kuchemsha maji na kupoza mvuke wake ili uwe maji tena, yasiyo na kitu ndani. Maji yale ya mvuke yalitoka tone, tone, tone, na Mzee Ngasa aliuita ule mtambo ng'ombe wake mzee. Asubuhi akifika, kabla ya kuwasalimia watu, anauliza, "Ng'ombe amekamuliwa?"

Siku yangu ya kwanza kazini aliniwekea glasi mbili za maji hayo mezani. Moja akatia sukari, ya pili chumvi, akakoroga zote mpaka zikawa angavu. Akachukua betri za tochi, balbu ndogo na nyaya mbili. Akatumbukiza nyaya kwenye glasi ya sukari, balbu ikabaki gizani. Akahamishia kwenye glasi ya chumvi, balbu ikawaka. Mimi binti kutoka Mkula niliyekulia shambani, nikadhani ananifanyia kiinimacho.

"Sukari imeingia majini bila kuvunjika," alisema. "Kila chembe imeachana na mwenzake, lakini yenyewe ni nzima. Chumvi imevunjwa. Vipande vyake vina umeme, kimoja chanya, kingine hasi. Na chembe ya maji nayo ina pande mbili, upande mmoja hasi kidogo, wa pili chanya kidogo. Upande hasi unakimbilia kipande chanya, upande chanya unakimbilia kipande hasi. Chembe za maji zinakizunguka kila kipande kama watu wa msibani wanavyomzunguka mfiwa, hawamwachi arudi alikotoka. Huko ndiko kuyeyuka."

Nikamuuliza je, ukiongeza chumvi tu, ukiongeza, ukiongeza? Akaniambia nijaribu. Niliongeza mpaka chumvi ikaanza kukaa chini haitaki tena. "Maji yameshiba," akasema. "Wazungukaji wamekwisha. Sasa chumvi iliyobaki itakaa bila mtu wa kuishika." Kisha akaniambia neno ambalo aliniambia tena na tena mpaka nikawa nalisikia usingizini: maji hayapiti mahali bure. Yakipita kwenye jiwe yanachukua cha jiwe, yakipita kwenye majivu yanachukua cha majivu. Ndiyo maana, kabla ya kuchukua sampuli, chombo unakisuuza mara tatu. Si kwa sabuni, si kwa maji ya bomba. Kwa maji yaleyale unayokwenda kupima, kisha unayamwaga.

Nilimwelewa? Wapi! Mwezi uleule aliniagiza nitengeneze dawa ya kupimia chumvi, ile yenye madini ya fedha. Ng'ombe wetu alikuwa amekauka asubuhi ile, na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Nikachota maji ya bomba. Nilipotia dawa tu, glasi nzima ikageuka nyeupe kama maziwa. Nilisimama nayo mkononi, nikidhani nimeharibu dawa ya serikali. Mzee Ngasa akaja, akaitazama, akavua miwani.

"Hongera," alisema. "Umepima bomba."

Kumbe chumvi iliyokuwa kwenye maji ya bomba ilikuwa imekamatana na ile fedha na kuwa kitu kipya kisichoyeyuka. Alinicheka wiki nzima. Kila nikileta glasi yoyote aliuliza, "Leo umenikamulia au umenipimia bomba?" Nilimchukia kidogo, nikampenda sana. Leo natamani anicheke tena hata dakika tano.

Na alikuwa na ulimi! Akishajua maji hayana vijidudu, alionja mabaki ya sampuli na kutaja upande yalikotoka. "Haya ya Lagangabilili, yana chokaa. Haya ya kwenu Mkula." Ninyi msijaribu, tafadhali, msije mkaugua mkasema bibi ndiye aliyewatuma. Nawaeleza tu kwamba ladha ya maji si ya maji yenyewe. Yale ya mvuke hayana ladha, yanakaa mdomoni kama hayapo. Unachokiita maji matamu ni mawe na hewa iliyoyeyuka humo.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Niliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, kwao Nkololo. Mama yake aliitwa Kabula, ila kila mtu pale alimwita Mayu, na kwa Kisukuma mayu ni mama. Mjane. Mumewe alikuwa amefariki kabla sijafika, akimwachia ng'ombe kadhaa, shamba la pamba, na kisima. Kisima kile marehemu alikichimba kwa mikono yake msimu mmoja wa kiangazi, akajengea pete za saruji, na kitongoji kizima kilichota humo. Asubuhi Mayu aliposhusha kamba aliinama mdomoni mwa kisima na kusema, "Mwangaluka," yaani umeamkaje, kama anavyomwamkia mtu. Wanawake wenzake walimtania kwamba anazungumza na vyura. Yeye alisema anazungumza na mwenye kisima.

Mara yangu ya kwanza kupelekwa kwake kama mke wa mwanawe, shangazi wote wamejaa uani, Mayu aliniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Nilipiga goti, nikapokea kwa mikono miwili. Halafu mkono wangu, mkono huu mjinga uliofundishwa na Mzee Ngasa, ukazungusha maji kidogo ndani ya kikombe na kuyamwaga chini. Mara moja. Ya pili. Sijafika ya tatu, uwanja wote ukanyamaza.

"Kwani kikombe changu kichafu?" Mayu akauliza.

Sikuwa na jibu. Shangazi mmoja akaguna, mwingine akasema wasomi ndivyo walivyo. Mume wangu alijaribu kueleza habari za maabara, akazidi kuharibu. Nilikunywa maji yale yakiwa na ladha ya aibu, na tangu siku hiyo nikajiapia kwamba nyumbani kwa Mayu sitasuuza kitu tena mpaka nife. Akinipa chombo, nitakipokea kama kilivyo. Ninyi wasichana mlioolewa mnanielewa. Ukweni hakuendeshwi kwa kanuni za maabara.

Miaka ikapita, nikamzaa Sayi, Mayu akaanza kuniita mama Sayi na kunipenda kwa namna yake ya kunituma kazi. Ndipo ikaja zamu ya kupima visima vya upande wa Nkololo. Watoto kadhaa wa kata jirani walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia, na dalili ile mnaijua, ni madini ya floraidi yakizidi kwenye maji. Gari letu lilikuwa linapita vitongoji vingi kwa siku. Dereva alinishusha kwa Mayu, akaenda kuziba pancha barabara kuu, na ndoo yangu ya kazi yenye kamba akaondoka nayo nyuma ya gari.

Mayu alikuwa amefurahi. Mkamwana wake kaja na chupa za serikali kupima kisima cha mumewe! Aliingia ndani, akatoka na ndoo yake ya bluu, akaifuta kwa khanga mbele yangu, nje na ndani, akanikabidhi kwa mikono miwili. Majirani walikuwa wanatazama. Nilichungulia ndani. Chini kulikuwa na ukungu mweupe kidogo, wa kawaida, kama ndoo zote zinavyokuwa. Nikashusha kamba, nikachota mara moja, nikajaza chupa yangu moja kwa moja. Mayu alikuwa anatabasamu. Sikumwaga hata tone.

Maabara tulikuwa na dawa nyekundu ya kupimia floraidi. Kadiri madini yanavyozidi, wekundu unafifia, nawe unalinganisha kwa macho. Sampuli ya kisima cha Mayu ilifanya wekundu ukafifia vibaya. Na wingi wa chumvi ndani yake ulikuwa wa ajabu. Mzee Ngasa aliiangalia, akaniangalia.

"Ulisuuza mara tatu?"

"Ndiyo, mzee."

Maneno mawili tu, vijana wangu. Nilijiambia ni uongo mdogo, kwamba ndoo ilikuwa imefutwa, kwamba tofauti haiwezi kuwa kubwa hivyo. Alisaini.

Mimi ndiye niliyetumwa kutangaza. Nilisimama mbele ya kisima cha baba mkwe wangu nikawaambia watu maji yale yanaharibu meno na mifupa ya watoto. Mama mmoja akauliza kama wanaweza kuyachemsha. Hapo nilisema kweli, na nanyi msije mkadanganya watu: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi na chumvi havina roho ya kuua. Maji yanapungua kwenye sufuria, chumvi inabaki yote, kwa hiyo unazidi kuyakoleza. Wakaelewa. Kifuniko kikawekwa, kikapigwa saruji, kikachorwa alama nyekundu. Mayu aliishika ile pete ya saruji kwa kiganja mpaka mafundi wakamwomba asogee.

Kuanzia hapo wanawake wa kitongoji walichota mtoni, kwenye mchanga, mbali. Mayu magoti yalikuwa hayamruhusu. Msimu wa kwanza majirani walimsaidia, wa pili mume wangu akamleta kwetu Bariadi.

Ah, Mayu mjini! Alikaa kwenye kiti barazani akiangalia barabara kama mtu anayengoja gari lake. Ugali alikula, maziwa alikunywa. Maji alikataa. Alisema ya bomba yananuka dawa. Nikamchemshia, akaonja, akasema, "Haya yamekufa." Na alikuwa sahihi! Maji yakichemka, hewa iliyoyeyuka ndani inatoka, yanabaki mazito ulimini. Nikayamimina kutoka jagi la juu kwenda la chini, mara kumi, hewa ikarudi. Akaonja tena.

"Yamezinduka," alisema. "Lakini si ya kwetu."

"Mayu, maji ni maji."

"Mama Sayi, wewe ndiye mpimaji, unaniambia maji ni maji?"

Ikawa kila siku anakunywa kikombe kimoja kwa kulazimishwa. Midomo ikaanza kupasuka. Tulimpeleka hospitali, daktari akasema hana ugonjwa, ila anywe maji, akiendelea hivi figo zitamshinda. Jioni ile alinishika mkono, yeye ambaye hakuwa mtu wa kushikana mikono. "Nipelekeni kwangu," alisema. "Nikanywe ya kwangu hata kama ni mabaya. Meno yenyewe nimebaki nayo mangapi?" Aliyasema kwa mzaha, lakini macho yalikuwa yanalia. Hamu aliyokuwa nayo ya nyumbani kwake ilijaa ndani ya nyumba yetu mpaka tukawa tunatembea taratibu.

Nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Nilikuwa na karatasi ya majibu ya kisima chake, kila kilichoyeyuka kimeandikwa. Kama ladha ni vilivyoyeyuka, basi naweza kumtengenezea maji yake! Nilichukua maji ya mvuke, nikatia magadi soda ya dukani kwa kipimo cha karatasi, chumvi ya mezani, chokaa safi kidogo. Floraidi nikaiacha, bila shaka. Nikayapitisha jagi kwa jagi yapate hewa, nikayapoza kwenye mtungi, nikamletea barazani nimepiga goti.

"Onja haya, Mayu."

Alionja. Akayazungusha mdomoni. Akayatema uani, akaanza kucheka, mara ya kwanza kucheka tangu aje mjini.

"Umeyatoa wapi? Haya si maji ya kisimani. Haya ni ya ndoo yangu!"

"Ndoo gani?"

"Ile ya bluu. Ile niliyolowekea ng'ombe magadi. Si ndiyo niliyokupa siku ile? Nilikuwa nimemwaga asubuhi, nikaifuta vizuri."

Ninyi wasomi wa siku hizi mmeshaelewa. Magadi ya kulambisha ng'ombe, yale mabonge ya sokoni, yamejaa chumvi ya namna ileile niliyoiandika kwenye karatasi, na mengine yana floraidi tele. Ule ukungu mweupe chini ya ndoo ulikuwa magadi yaliyokauka. Maji ya kisima yakaingia, yakayazunguka, yakayachukua, kama Mzee Ngasa alivyonionyesha siku ya kwanza kwa glasi mbili na balbu. Khanga hainyang'anyi ndoo magadi. Maji ndiyo yanayoyatoa, na ndiyo maana tunamwaga mara tatu. Nilikuwa nimefunga kisima cha watu kwa sababu niliogopa kuulizwa swali lilelile mara ya pili.

Nilikaa chini sakafuni. Mayu akadhani naumwa.

Kesho yake nilikwenda Nkololo na ndoo yangu mwenyewe. Tukavunja saruji. Nilisuuza mara tatu, nikasuuza ya nne kwa hofu, nikachukua chupa tatu, kisha tukarudisha kifuniko mpaka majibu yatoke. Maabara ile dawa nyekundu ilibaki nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Nikarudia na ya tatu, macho yamejaa machozi hata sioni rangi vizuri. Kisima cha baba mkwe kilikuwa safi, kilikuwa safi siku zote.

Nilimwendea Mzee Ngasa na karatasi mbili, ya zamani na mpya. Nikamwambia sikusuuza, na kwamba nilimdanganya. Akachukua kalamu nyekundu, akaipiga mstari ripoti ya zamani, akasaini pembeni.

"Tumepima ndoo," alisema.

Hakucheka. Alisema tumepima, na lile neno liliniuma kuliko kama angenitukana. Aliandika barua kwa wakubwa akiweka jina lake juu ya langu. Baada ya kustaafu aliniambia kwamba maji yale hayakuwa na kosa, yalitueleza sawasawa yalikopita, ila sisi hatukuuliza. Alizikwa kwao, na mimi niliweka udongo.

Ilibaki kuwaambia wenye kisima. Nilisimama kwenye mkutano wa kitongoji nikaeleza yote, kikombe cha bati, aibu, ndoo, uongo. Mama mmoja, Nyanzobe, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasimama.

"Kwa hiyo misimu miwili tumekwenda mtoni kwa sababu ya adabu yako?"

"Ndiyo, dada."

"Huyu nimembeba tumboni nikienda huko."

Watu walizungumza kwa ukali, wengine wakataka ng'ombe wa faini. Mwisho Nyanzobe ndiye aliyekata shauri. Alisema ng'ombe hawataujua uchungu wa ile njia, anayepaswa kuujua ni mimi. Asubuhi nichote nao mtoni kwa mara ya mwisho, ndipo kisima kifunguliwe. Basi nilikwenda. Mpimaji wa serikali, ndoo kichwani, mchanga unaunguza nyayo, nimemwagikiwa mpaka kiunoni kwa kutozoea. Walinicheka njia nzima. Tulipofika juu, Nyanzobe alinishusha ndoo yeye mwenyewe.

Mayu tulimrudisha siku hiyohiyo. Alishuka kwenye gari hajasubiri kushikwa mkono. Aliinama kisimani, akasema mwangaluka kwa sauti ya juu, akateka, akanywa kikombe kizima kwa mkupuo. Kisha akatia maji kidogo kwenye ndoo yake, akanitazama mbele ya watu wote, akazungusha maji ndani na kumwaga. Moja! Wakahesabu naye. Mbili! Tatu! Akanikabidhi.

"Haya, mama Sayi. Pima."

Aliishi miaka mingine mingi pale, akinywa maji yake. Na ule ukawa mchezo wetu. Nikija, hata akinipa kijiko, anakisuuza mara tatu kwa maringo. Nikimpa chai mimi, anainusa na kuuliza, "Umepima?" Nikisahau nikasuuza chombo chake mwenyewe, ananirukia papo hapo, "Kwani ndoo yangu chafu?" huku akicheka mpaka anashika mbavu. Wakati ule nilidhani utani ule utakuwepo siku zote.

Mwezi uliopita nilikwenda Nkololo peke yangu. Mume wangu miguu haimruhusu safari tena. Nyumba ya Mayu imefungwa, ila jikoni kwake hakufungwi, na ile ndoo ya bluu ipo, imefubaa, imeinamishwa juu ya kichanja. Niliichukua nikaenda kisimani. Wajukuu wa Nyanzobe wananifahamu, wakanipisha.

Niliteka maji. Nikazungusha, nikamwaga. Nikateka, nikamwaga. Mara ya tatu nilisogea nayo mpaka mlangoni mwa jiko, nikamwaga polepole, ili yasikike. Halafu nilisimama. Vijana wangu, nilisimama pale kama mjinga, mzee mzima na ndoo tupu, nangoja niulizwe. Kuku walipita. Hakuna aliyeniuliza.

Basi nikajibu hivyohivyo. Lile jibu lililonishinda siku ile ya kikombe cha bati, nimepiga goti mbele ya shangazi wote, nililisema kwa sauti watoto wakageuka kunitazama.

"Hapana, Mayu. Ni safi."

Ndipo nikateka ya nne, nikanywa.